Jumapili Tuliyotazama Mieleka

Katika kitongoji chetu, kata ya Narung'ombe, watu wawili tu waliipenda ile katuni ya Kijapani ya mieleka: mimi na Shilinde. Mimi nilikuwa na kibanda umiza, chumba cha miti na udongo chenye televisheni, na sola juu ya bati. Siku za mpira watu walijaa mpaka mlangoni. Siku nyingine walitaka filamu za Kikorea. Nilipojaribu kuwawekea katuni walinizomea.

"Kipriani, tumekuja na ndevu zetu unatuwekea mambo ya watoto?"

Waliovumilia kidogo walisema mieleka yenyewe ni ya kupanga, mshindi anajulikana kabla ya kengele. Hapo hawakukosea. Katuni ilihusu hilo hilo. Tadao, mwanamieleka wa makamo mwenye goti bovu, alilipwa ili ashindwe. Kila kijana mpya alipoletwa, kazi ya Tadao ilikuwa kumfanya aonekane hodari: arushwe, aanguke kwa kishindo, alale mpaka refa amalize kuhesabu. Kisha anarudi nyumbani, binti yake anamkanda mgongo. Walizungumza Kijapani, na chini palikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nilimsomea Shilinde kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi.

Shilinde alikuwa mtoto wa Mzee Ngolo. Ni Wasukuma, walifika na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa miaka mitatu kabla ya hapo, wakajenga ng'ambo ya bonde. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, ana mke na watoto wawili. Kwetu wafugaji hawakupendwa. Ng'ombe wakiingia shamba la mtu, kila mwenye fimbo ya kuchungia alikuwa mkosaji. Shilinde alilijua hilo, ndiyo maana alikuja Jumapili mchana, wakati wengine wako kwenye pombe, akakaa benchi la nyuma hata kama tuko wawili tu.

"Huyu anafanya kazi ngumu kuliko anayeshinda," aliniambia siku moja. "Kuanguka namna ile bila kumuumiza mwenzako, kaka, si mchezo."

Mwezi wa nane mwaka juzi, siku ya Jumamosi, nilikwenda Nachingwea kwa Ashraf, anayeuza filamu za kuweka kwenye flashi. Nilimkuta na sehemu mpya za katuni yetu.

"Chukua tu," alisema. "Hii hata mtu mmoja hajaniulizia zaidi yako."

Kesho yake Shilinde alifika saa saba. Ng'ombe aliwaacha kwa mdogo wake, upande wa pili wa bonde. Tulianza na sehemu ya kumi na moja. Tadao anatakiwa ashindwe mbele ya binti yake. Anarushwa, anaanguka, na safari hii goti linavunjika kweli. Anamwambia refa kwa sauti ya chini kwamba haigizi. Refa anaendelea kuhesabu. Watu wanapiga makofi kwa kuona jinsi mzee anavyojua kulia. Shilinde aliniomba nirudishe pale mara mbili. Tulitoka saa kumi na moja, jua limeshalegea.

Saa hizo hizo mjomba wangu Fransisko alikuwa amelala kwenye mbaazi zake, mkono umevunjika na kichwa kinavuja damu. Alikuta ng'ombe shambani, akawafukuza, akapigwa fimbo kwa nyuma. Alipoinuka aliona mtu mrefu mwenye shuka begani akitokomea na ng'ombe. Basi.

Mjomba Fransisko ndiye aliyenilea na kunisomesha. Kiwanja cha kibanda ni chake. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa kuliko baba, na sikuwahi kumpinga.

Asubuhi mgambo walimleta Shilinde kwenye uwanja wa mikutano, mikono imefungwa kamba. Mwenyekiti wa kitongoji, Masoudi, alimuuliza alikuwa wapi jana mchana.

"Kwa Kipriani. Tunatazama mieleka ya katuni."

Watu wakaangua kicheko.

"Mtu mzima? Katuni?" Masoudi alisema. "Haya, tuambie hiyo katuni inasemaje."

Shilinde akaeleza. Alieleza yote, tangu Tadao anavyofunga kiatu mpaka goti lilivyovunjika na refa alivyohesabu. Kiswahili chake kilikuwa kinakwama kwama, akawa anasaidia kwa kichwa maana mikono imefungwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyocheka. Mtu mmoja akasema, "Hiyo si ameitazama zamani?" Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba sehemu ile iliingia kijijini Jumamosi jioni, mfukoni mwangu.

Masoudi akanigeukia. "Kipriani, ni kweli?"

Mama yangu, Magreti, alikuwa mstari wa mbele, kanga yake ina damu ya kaka yake. Alinitazama tu.

"Alikuja," nilisema. "Ila sikumbuki aliondoka saa ngapi."

Walimpeleka Shilinde polisi, Ruangwa.

Baada ya siku nne Mzee Ngolo alivuka bonde akanikuta nafagia kibanda. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Wewe ulikaa na mtoto wangu?"

Nikamwambia mambo yako kwa serikali sasa. Alisimama, akaegemea fimbo yake, kama anangoja niongeze neno. Kisha akaondoka.

Miezi mitatu Shilinde alikaa mahabusu. Watu waliendelea kujaa kibandani, na ndugu zangu walinipigapiga begani kunipongeza. Sikuitazama tena ile katuni. Usiku sikulala vizuri, mchana nilichoka bila kazi.

Siku moja nilikuwa namlisha mjomba uji, maana mkono wake uliunga vibaya.

"Sura sikuiona, unajua," alisema ghafla. "Niliona mgongo. Jina alilitaja mama yako."

"Mbona hukusema, mjomba?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akafungua mdomo apewe uji mwingine. Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, kwa sababu alijua Jumapili zangu nazitumia na nani.

Juma lililofuata nilikwenda Ruangwa mahakamani, nikaomba kutoa ushahidi. Nilitaja saa tuliyoanza na saa tuliyotoka, na Ashraf naye alikuja kueleza ni lini alinipa ile flashi. Hakimu aliniuliza kwa nini sikusema mapema.

"Niliogopa watu wangu, mheshimiwa."

Akaandika. Baada ya wiki mbili Shilinde aliachiwa. Aliyempiga mjomba hajulikani mpaka leo.

Nilimngoja Shilinde nje ya mahakama, kwenye kivuli cha ukuta. Alitoka amekonda, shati limemzidi, anakohoa. Baba yake alipita bila kunitazama. Yeye alisimama.

"Ulikuja," alisema.

"Nisamehe, Shilinde."

"Siku ile wote walicheka. Wewe hukucheka. Uliangalia chini." Akakohoa tena. "Afadhali ungecheka na wewe, kaka. Ningesema huyu naye hajui kitu, kama wenzake."

Akamfuata baba yake.

Kabla mvua hazijakolea walihama na ng'ombe wote, watu wanasema walipitia Marambo kuelekea magharibi. Maboma yao ya ng'ombe yalibaki kwa muda, kisha wanawake wakaenda kung'oa miiba na miti kwa ajili ya kuni. Mama alikwenda pia.

Kibanda hakina watu. Hakuna aliyetangaza kunisusa. Waliacha kuja tu, mmoja mmoja, hata siku za mpira. Mama hupika na kuniachia sahani mlangoni. Mbaazi za mjomba nalima mimi, kwa kuwa yeye hawezi jembe. Hukaa kwenye kigogo pembeni ya shamba, mkono umepinda mapajani, ananitazama nikipalilia mpaka jua linapopanda. Nikimaliza mstari, ananyoosha kidole cha mkono mzima kunionyesha nilipoacha magugu, nami narudi.