Wembe wa Enoka

Enoka alimkandamiza binti yake Medius sakafuni, wembe mkononi. Alitaka kumchanja kifuani ampake dawa ya majani, kama wafanyavyo wengi hapa Bwera.

"Vidonge vya hospitali vinamumaliza!" alifoka. "Tangu aanze, iko nadhoofika tu!"

Mama yake Enoka, bibi Teopista, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliposikia mayowe akaingia na mchi wake. Yeye ndiye aliyemuuguza Medius hospitalini, na daktari alimweleza kwamba askari wa mwili wa msichana wamegeuka, wanaharibu mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa. Vidonge vinawalaza askari hao ili damu irudi. Kwa sasa akikatwa damu haigandi, na uchafu kidogo tu utamuua.

"Weka wembe chini, Enoka."

"Mama, usiniingilie. Mutoto ni wangu!"

"Na wewe ni wa nani?"

Wembe ukashuka kuelekea kifua cha Medius. Teopista akampiga mwanawe mkononi kwa mchi, mfupa ukalia ka! Enoka akainuka amrukie, akapigwa tena, mdomoni, meno mawili yakadondoka.

Akaanguka ukutani akitema damu. "Mama, umeniua!"

"Hujafa. Damu yako itaganda," alisema akihema.

Medius alijiinua, akaketi. Alama za vidole vya baba yake zilishavilia mabegani, lakini kifua hakikuwa na mkwaruzo. Teopista alitamani kumkumbatia. Akaenda kwanza kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kama alivyofundishwa hospitalini.