Leso Kwenye Gari la Kipanga

Maneno yalifika kijijini Bodo pamoja na picha: gari la Kipanga, yule jambazi aliyeitesa Kwale nzima zamani, limefufuliwa, linang'aa hotelini Diani, na leso ya hawara wake ingali kwenye kiti. Watu wakaitazama picha, wakaijua leso ni ya nani, wakaanza kunong'ona. Tangu siku hiyo Bi Mwanamkuu hakutoka tena, hata kisimani.

Binti yake, Muhsina, alimfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko kuukuu akaenda Diani.

Gari lenyewe, Pejo ya zamani, lilikuwa jeupe pepepe. Griffin, kijana wa hoteli, alikuwa akiwasimulia wageni. "Kipanga alikuwa anakaa hapa, kwa hiki kiti cha dereva. Na hii leso ni ya mpenzi wake."

"Nani kakwambia?" Muhsina akauliza.

"Madam, ndiyo stori ya gari. Fundi aliipata kwa kiti, akaiosha tu."

"Gari hili ni la Seifu, dereva wa teksi, babangu. Kipanga alimteka, akamuua, akamtupa vichakani Kikoneni, gari akalichukua. Leso ni ya mkewe, ya harusi. Doti aliigawa: moja akaishona kwenye kiti cha mumewe, ya pili akanibebea mimi."

Griffin akacheka kidogo. "Sasa dada, nani atatoka Ulaya kuja kuona teksi?"

Muhsina akaifungua mbeleko yake. Alimpakata mwanawe, akaitandaza juu ya boneti. Ilikuwa imepauka, lakini maua yalikuwa yale yale ya leso ya kwenye kiti, na maneno yale yale: *Stara yangu ni wewe*. Mgeni mmoja akaishusha kamera yake.

Kisha Muhsina akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha baba asiyemkumbuka. Mtoto akaushika usukani kwa mikono miwili. Muhsina akachomoa pini kwenye mtandio, akaanza kuifumua leso kwenye kiti.

"Dada, shuka bana. Meneja ataniua."

"Na aje. Mwambie yuko binti wa mwenye gari."

Uzi wa mamake ulikuwa mgumu, ulishonwa ukae. Aliuchomoa mshono mmoja mmoja, taratibu, meno ameyauma, asije akairarua. Kesho Bi Mwanamkuu angejifunga moja, angejitanda ya pili, aende kisimani na doti yake kamili. Mwenye neno alisemee pale pale, mbele yake.