Mkono wa Pili

"Nakuuliza mara ya tatu, Bibi Octavie. Nani ameugusa mto wangu?"

"Punguza sauti, Romanie. Wageni wanasikia."

"Wasikie. Wamelipa kiingilio kuja kuona mambo ya kale. Ugomvi nao ni wa kale."

Bibi Octavie Delmotte alinikodolea macho. Mumewe ndiye mfanyabiashara wa lesi, na yeye ndiye aliyesimamia kibanda chetu kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1913, hapa Ghent. Kifaransa chake aliwawekea wageni. Kiflemi, lugha yetu, alikitumia kugombeza watu.

Mto tuliokuwa tukiugombania ni ule mto mgumu wa duara tunaotengenezea lesi, wenye pini juu na vijiti vya uzi vinavyoning'inia mbele. Wangu ulikuwa na vijiti mia tatu na ishirini, na kazi ya miezi kumi na mmoja. Nilikuwa nimekaa nyumbani siku mbili baada ya kung'olewa jino, shavu limevimba kama mkate. Niliporudi nilimkuta binti yangu Zulma kwenye kiti changu, na chini ya mkono wake palikuwa na kipande kipya cha lesi, upana wa vidole vinne, ambacho si changu.

"Wageni wanapenda sura changa," alisema Bibi Octavie. "Nani amesafiri kutoka Paris aje kutazama miwani yako?"

"Basi angekaa apendeze. Kwa nini ashike vijiti?"

"Walikuwa wanauliza mbona mikono haitembei."

Acha nieleze jambo moja, maana watu wa maonyesho hawakulijua na hawakutaka kulijua. Lesi yetu hutengenezwa na mkono mmoja, tangu pini ya kwanza hadi ya mwisho. Si ushirikina. Kila mtu huvuta uzi kwa nguvu yake, na matundu hufuata nguvu hiyo. Akiingia mtu wa pili, matundu hubadilika na lesi hupata kovu. Mimi navuta kwa upole. Zulma ana miaka kumi na saba, ana haraka, na huvuta kama anayekamua ng'ombe mkaidi.

"Mama, mimi nilikataa," alisema. "Akaniambia vidole viwili tu."

"Hivi ni vinne."

"Ndiyo, kwa sababu walizidi kuja! Kuna mzee mmoja aliniita malaika."

"Malaika wa wapi mwenye mkono kama koleo?"

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaviachia vijiti.

Kibanda chetu kilikuwa ndani ya mtaa mzima wa bandia walioupa jina la Flanders ya Kale. Palikuwa na nyumba za ghorofa tatu, minara na madaraja, vyote vya mbao na plasta iliyochanganywa na nyuzi za magunia, na matofali yamechorwa kwa brashi. Ukiegemea ukuta unaondoka na bega jeupe. Mwezi wa kumi na moja vyote vingebomolewa. Na ili mji upendeze kwa ajili ya maonyesho hayohayo, halmashauri ilikuwa imebomoa nyumba za kale za kweli katikati ya mji, eti wageni waione vizuri minara ya makanisa. Mimi naishi mtaa wa Patershol, katika nyumba ya miaka mia tatu ambayo maji huingia chini kila majira ya baridi. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja kuipiga picha. Uzee wa kweli una harufu. Wa plasta hauna.

Unaweza kuuliza kwa nini nilikubali kukaa humo, nimevaa kofia nyeupe ya mabawa ambayo hata bibi yangu hakuwahi kuivaa. Nilikubali kwa sharti moja. Nimetengeneza lesi miaka ishirini na saba, na kila kipande kimetoka kwa jina la Bwana Delmotte, mtu asiyeweza kufunga kamba ya kiatu bila kuita msaidizi. Nilimwambia mkewe: nitakaa, nitavaa huo ujinga, lakini lesi hii ikienda mbele ya waamuzi wa mashindano, kadi iwe na jina langu. Akakubali. Na siwezi kumsingizia, alitimiza. Kadi ilikuwa pale kando ya mto, kwa wino mzuri: Romanie De Wispelaere, Ghent, kazi ya mkono mmoja.

Kazi ya mkono mmoja!

"Nifumue," nilisema. "Nipe siku nne."

"Waamuzi wanakuja saa tano. Leo hii." Alinisogelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa laini. "Romanie, mama wee, nani ataona? Mimi mwenyewe sioni. Kaa kimya upate medali yako. Jina lako si lipo?"

Hapo alinishika pabaya. Jina langu lilikuwepo. Nililitazama tena. Sijawahi kuliona limeandikwa mahali popote isipokuwa kanisani na kwenye karatasi za kodi. Nikakaa kimya.

Waamuzi walikuja watatu, tumbo mbele, masharubu yamepakwa nta. Mmoja alikuwa na makombo ya keki kwenye koti. Walimtazama Zulma kwanza, muda mrefu, ndipo wakakumbuka lesi. Mkubwa wao akainama, akapitisha kidole chake kinene juu ya kazi yangu ya miezi kumi na mmoja, kikapita bila kusimama, kikatua kwenye kile kipande cha Zulma cha vidole vinne.

"Hapa," akasema, "hapa ndipo fundi alipofikia ukomavu wake."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Bibi Octavie akatabasamu kwa meno yote. Mkubwa akaandika kitu daftarini, akauliza kama nyumba hii tuliyomo ni ya karne ya kumi na tano au ya kumi na sita, akajibiwa ya kumi na tano, wakahamia kibanda cha pili kuonja bia.

"Umeona?" Bibi Octavie alininong'oneza. "Nilikuambia nini?"

Nilikuwa bado sijamjibu alipoingia mwanamke mmoja Mfilipino. Upande wa pili wa uwanja walikuwa wamewajengea watu wa milimani kwao kijiji chenye uzio, na wageni walilipa kwenda kuwatazama wakila na kulala. Huyu alikuwa mfumaji. Nilikuwa nimemwona siku moja na nguo yake imenyooshwa kutoka nguzoni hadi kiunoni. Alikuja peke yake, shali ya kuazima begani, akainama juu ya mto. Hakumtazama Zulma. Jicho lake lilitembea na lesi polepole tangu mwanzo, na palepale ambapo mkono wangu unaishia likasimama. Akaweka ukucha pale. Pale hasa, wala si uzi mmoja pembeni.

Akaitazama mikono yangu. Akaitazama ya Zulma. Kisha akanitazama mimi usoni, akapandisha nyusi, kama mwanamke anayemuuliza mwenzake: na wewe umekubali?

Lugha ya pamoja hatukuwa nayo. Akatoka.

"Anataka nini huyo mshenzi?" alisema Bibi Octavie.

"Huyo ndiye mwamuzi," nilisema. "Wale wengine walikuja kunywa bia."

"Mama, unafanya nini?" Zulma aliuliza, maana nilikuwa tayari nimeanza kung'oa pini.

"Nachukua kilicho changu. Nipe mkasi."

"Lakini lesi itakuwa fupi! Haitafaa tena kwa mashindano."

"Itakuwa fupi. Mkasi, Zulma."

Akanipa. Bibi Octavie akaruka kunishika kiwiko. "Kichaa wee! Daftarini kumeshaandikwa! Medali hiyo!"

"Mpe mwenye mkono wa koleo. Yule ambaye mabwana wamesema ndiye fundi. Na hilo jina langu kwenye kadi likwangue kwa wembe, maana hii si kazi ya mkono mmoja."

Nikakata, fungu baada ya fungu, pale ulipowekwa ukucha. Ukingo ningeushona nyumbani. Wageni walikuwa wamejaa mlangoni kufikia hapo, na uzi wa mwisho ulipokatika wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Bibi Octavie, kwa mazoea, akawainamia. Nikaikunja lesi yangu, nikaitia kifuani, nikapita katikati yao na binti yangu nyuma.