Matawi ya Chini

Zachariah alikuwa fundi seremala hodari, lakini kwa woga hakuna aliyemshinda mtaa mzima wa Woodley. Mkewe alifariki mwaka wa 1966 akamwachia Wangu, binti wa miaka minane, na kila alipomwona juu ya mparachichi nyuma ya nyumba, roho ilimruka. Jumamosi moja akachukua msumeno, akakata matawi yote ya chini. Alipomaliza alipiga hata mluzi. Fundi mzima huyo, akijipongeza!

Jumatatu baba akiwa kazini, Wangu alivingirisha pipa hadi kwenye mti, akaweka ubao juu yake, akapanda. Pipa likabingirika. Zachariah alirudi akamkuta mtoto amevunjika mkono, na jirani yao Peres, mama yake Odero, ameshaufunga kwa kanga. Peres alikuwa mama asiyejua kumung'unya maneno.

"Baba Wangu, huyu mtoto amepanda hii mti mwaka mzima na hajaanguka. Hiyo matawi ya chini ndio ilikuwa ngazi yake. Wewe ukakata. Sasa utakata nini ingine, miguu yake?"

"Nilikuwa namchunga, Mama Odero."

"Mchunge, lakini mwache atembee!"

Kwa siku mbili Zachariah hakumsalimu Peres, kisirani kimempanda. Siku ya tatu akaona haya, kwa sababu mama wa watu alikuwa amesema kweli.

Plasta aliyofungwa Wangu hospitalini ilipotolewa, Zachariah alichonga vipande sita vya mbao ngumu, akavipigilia kwenye shina kwa misumari mirefu, na kila kimoja akakikanyaga kwa uzito wake wote. Akaondoa mawe yote chini ya mti, akamwaga magunia manne ya maranda kutoka karakana.

"Mwisho wako ni pale kwenye panda, shina linapogawanyika," alimwambia Wangu. "Na mvua ikinyesha, hakuna kupanda."

"Sawa, Baba."

Mtoto akavua viatu, akaweka mguu kwenye kipande cha kwanza. Zachariah akasogea, akakinga mikono chini yake. Wangu akageuka.

"Baba, usinishike mimi. Nishikie viatu."

Akavipokea kwa mikono yote miwili, akavikumbatia kifuani. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Wangu alipanda taratibu, akafika kwenye panda, akakaa, akaanza kuimba. Baba yake alibaki amesimama pale na vile viatu, na hakumwambia ashuke.