Jamani, Mkasi Wangu Uko Wapi?

Fundi cherehani wa chumba cha tatu katika safu ya maduka alikuwa na mikono myepesi na ulimi mzito. Mikono ilishona gauni lenye bitana bila kuacha mkunjo hata mmoja, lakini ulimi ulishindwa kutamka neno moja tu: hapana. Neno hilo likimfika kooni lilikata kona, likatoka nje likiwa "haya, lete nione."

Kwa ajili ya hiyo "haya, lete nione," rafu yake ilijaa nguo za watu ambao hata wateja hawakuwa. Kulikuwa na suruali ya jirani iliyotaka zipu, kazi ya kufumba na kufumbua, kama mwenyewe alivyodai. Kulikuwa na mapazia ya mama mwenye nyumba. Na juu ya vyote hivyo lilikaa furushi la wifi yake mkubwa, ambaye hakuwahi kuchangia hata sindano. Wifi alikuwa na jibu lake daima: "Kwani sisi ni watu baki?"

Kazi za kulipwa zilisubiri chini ya hizo za bure, na wenyewe walipochoka kuambiwa "njoo kesho" walihamia kwa mafundi wengine. Fundi alikuwa ameshaamua moyoni. Asipopata kazi moja kubwa ya kumwokoa mwezi huo, atarudisha ufunguo wa chumba na kwenda kushonea nyumbani. Na huko nyumbani, wifi aliishi mlango wa pili.

Aliwaambia wenzake wa vyumba jirani habari hiyo Jumatatu saluni, siku ambayo hakuna anayesuka na wao hukaa kunywa chai. Chama chao hakikuwa na katiba wala mwenyekiti. Mmoja akienda kliniki, wengine wanamwangalizia duka. Mteja akiulizia kitu wasichokuwa nacho, anashikwa mkono hadi kwa mwenzao. Msusi, mwenye saluni, alikuwa mrefu, na sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara bila kupiga simu. Mama Keki alioka keki chumba cha nne, na ni wenzake hawa waliomfundisha kuwakatalia wateja wanaotaka barua nzima iandikwe juu ya keki ya watu sita. Wa mwisho aliuza vyombo vya plastiki, wakamwita Bi Ndoo. Huyo aliongea mara chache, kama anayelipia maneno.

"Urudishe ufunguo?" msusi aliweka kikombe chini. "Kwa ajili ya wifi? Si umwambie hapana!"

"Siwezi, dada."

"Unaweza. Tujaribu. Mimi ndiye wifi." Msusi alikunja taulo likawa furushi, akatoka nje, akaingia upya kupitia mlango wake mwenyewe akibetua midomo. "Wifi yangu kipenzi! Kakitambaa haka tu, dakika mbili!"

Fundi alifungua mdomo. Akaufumba. Akaufungua tena.

"Haya, lete nione," akasema, akalipokea taulo.

Mama Keki alicheka hadi chai ikampalia.

"Huyu hafundishiki," alisema Bi Ndoo. "Tumsemee sisi."

Basi wakapanga. Vyumba vyao vilitenganishwa na mbao nyembamba. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaombewa afya cha nne. Fundi akibanwa, aulize kwa sauti, "Jamani, mkasi wangu uko wapi?" Mteja hatashtuka, maana fundi kuulizia mkasi si ajabu. Wenzake wakisikia, watakuja kukataa kwa niaba yake.

"Na ukipotea kweli?" aliuliza Bi Ndoo.

"Mkasi wangu haupotei," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana kuudhika. "Unakaa msumarini."

Wifi alitokea Jumatano na furushi jipya. Fundi akaulizia mkasi. Kabla hajamaliza, msusi alikuwa ndani na chanuo mkononi, akimpa wifi pole nyingi kwa usumbufu na kumwonyesha foleni ya kazi kuanzia rafu ya juu hadi sakafuni. Mama Keki alimsindikiza hadi barabarani akimsifia viatu. Wifi alifika kwake na furushi lake kwapani bila kujua hasa ni nani aliyemkatalia. Jirani wa suruali naye akapewa pole zake siku iliyofuata. Wenzake fundi walinogewa. Mama Keki alianza kuacha mlango wake wazi ili asipitwe.

Ijumaa akaingia mwalimu wa kwaya.

Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ya kunong'ona. Alitaka majoho ya kwaya nzima, watu thelathini.

"Mwenzetu mmoja alivaa gauni lako," alisema. "Nikasema huyu fundi lazima nimtafute. Nimekuja na kitambaa. Naomba tu nione utakavyokata kola."

Moyo wa fundi ulipiga kama cherehani bila breki. Kazi ya kumwokoa ndiyo hii, imeingia yenyewe kwa miguu yake! Alitandaza kitambaa, akachora kola kwa chaki, mstari ukatoka safi. Akanyoosha mkono msumarini.

Msumari ulikuwa mtupu.

Akaangalia chini ya kitambaa. Akaangalia chini ya cherehani, akachungulia hadi ndani ya kopo la vifungo. Mwalimu alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomzidishia jasho.

"Jamani," alisema fundi, "mkasi wangu uko wapi?"

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalishapita kwenye mbao.

Msusi ndiye aliyetangulia kuingia. Mama Keki akafuata, krimu imempanda hadi viwikoni, na nyuma yao Bi Ndoo na upawa wa plastiki.

"Mama, samahani sana," alianza msusi, "lakini hapa hatushoni bure!"

"Lakini mimi nili—"

"Dakika mbili hakuna!" alidakia Mama Keki.

"Hata moja," alisema Bi Ndoo.

"Na usituambie wewe si mtu baki!"

Mwalimu aliukumbatia mkoba wake. "Nimekuja kwa habari ya majoho tu..."

"Majoho!" Msusi alimgeukia Mama Keki. "Umesikia? Wameacha vitambaa, sasa wanaleta majoho!" Akaikata hewa kwa kitu alichoshika. Kitu hicho kilikuwa mkasi wa fundi. Aliuchukua asubuhi fundi alipokwenda kuteka maji, akate ncha za nywele za kusukia, akausahau saluni, na sasa alikuwa ameunyakua akidhani ni chanuo.

Mwalimu alirudi kinyumenyume, akaupapasa mlango kwa mkono mmoja. Fundi aliona majoho thelathini yakitoka nje kinyumenyume pamoja naye.

"Hapana!"

Wote waligeuka. Fundi mwenyewe alitazama huku na huku kuona ni nani aliyesema.

"Hapana," alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Huyu ni mteja wangu. Dada, nipe mkasi wangu. Na nyinyi nyote, nje."

Msusi aliutazama mkono wake, akautazama mkasi, akaurudisha. Walitoka mmoja mmoja. Muda si muda mbao zikaleta mnong'ono.

"Kasema!"

"Shh!"

"Lakini kasema, jamani!"

Fundi alimvutia mwalimu kiti, akamweleza yote, wifi, taulo na mkasi, macho yake yakiwa sakafuni. Alipomaliza aliinua uso. Mwalimu alikuwa amevua miwani na kufuta machozi ya kicheko.

"Haya, tuzungumze kazi," mwalimu alisema alipopata pumzi. "Majoho yote, wiki mbili. Utaweza?"

Ulimi wa fundi ulianza kujiandaa kama kawaida yake. Upande wa pili wa mbao hakuna aliyehema.

"Wiki mbili hapana, mama. Nitakuharibia. Nipe wiki nne. Vifungo nitawapa wenzangu wanisaidie, nitawalipa, na nitavikagua mwenyewe kimoja kimoja."

Mwalimu alihesabu kwa vidole. "Tunaimba mwisho wa mwezi ujao. Wiki nne zinatosha. Mafundi wote niliowauliza waliniambia wiki moja, na mmoja wao bado ana sketi yangu ya mwaka juzi. Kata kola, nione."

Upande wa pili mnara wa ndoo uliporomoka, na mtu akacheka.

Kola ilikatwa, ikapendwa. Mwalimu aliaga, akafika mlangoni, akasita.

"Yule mrefu..." alinong'ona. "Waimbaji wangu wa sauti ya tatu hawafiki mazoezini kwa wakati, nami nikiwaona nashindwa kuwaambia lolote. Hawezi kuja Jumamosi asimame tu mlangoni?"

"Msusi!" aliita fundi. "Unahitajika kwenye kwaya!"

Kichwa cha msusi kikachungulia, kichwa peke yake, na sauti ile ya kuvuka barabara ilikuwa imepungua hadi uzi.

"Mbele ya watu wote wale? Mimi? Ah, mama, naona aibu."

Mikono miwili yenye krimu ikatokea nyuma yake, ikamsukuma ndani.