Mkwe Kwenye Duara

Mwaka wa tisini na sita, watu wa mradi wa maji walikuja kutoka Kisumu mjini na gari jeupe na makaratasi makubwa kama shuka, wakatangaza habari ya kisima kipya, kwamba safari hii chifu hataamua, diwani hataamua, wataamua wananchi. Mama Dorca aliposikia alicheka mpaka akashika nyonga. Wananchi! Si ni hao hao wananchi waliopangwa mlolongo kupiga kura mwaka wa themanini na nane, mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu, watu wakarudi makwao wamefyata mkia?

Lakini kisima alikitaka, na hakuficha. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika, na kila asubuhi aliteremka ziwani na mtungi, akasukuma magugu kwa fimbo ndipo achote maji, nayo maji yenyewe yananuka. Mradi ungechimba kisima kimoja tu kwa vijiji viwili. Kitakuwa chini, hatua mia kutoka mlangoni pake, au kitakuwa juu, ng'ambo ya kijito, kule kwenye mawe alikoolewa binti yake Aoko. Kupanda kule na nyonga ile? Afadhali magugu.

Majina ya wanakijiji yakatiwa kwenye sufuria, yakakorogwa, yakatolewa kumi na mawili ya watakaoamua. Ndivyo walivyotafuta akili za vijiji viwili, kwa kukoroga! Likatoka jina la mlevi mmoja, likatoka la mwanamke aliyehamia juzi tu kutoka Sondu, likatoka la Dorca mwenyewe. La mwisho likawa la Dalmas, mume wa Aoko, fundi wa kuchimba visima kwa mkono, mtu wa maneno machache.

Siku ya mkutano walikuta viti vimepangwa duara katika darasa la shule ya msingi. Afisa wa mradi, kijana aliyeitwa Khaemba, alisimama katikati akitabasamu kama anayegawa peremende.

"Hapa hakuna mkubwa wala mdogo," alisema. "Tunakaa duara ili kila mtu amwone mwenzake usoni."

Usoni! Dorca alimtazama kuanzia viatu kupanda juu. Mtoto wa watu anatoka Bungoma, ambako mkwe akimwona mama mkwe njiani hujitosa kwenye mahindi, na kwa Wajaluo wa hapa desturi si mbali na hiyo. Alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini walimpeleka semina siku tano, wakampa kalamu za rangi, adabu yote ikafutika. Debe tupu haliachi kuvuma.

Dalmas alifika mlangoni, akamwona mama mkwe wake, akarudi nyuma. Khaemba akamfuata akamshika mkono. "Ingia, Bwana Dalmas. Mambo ya zamani tuyaache nje." Akamkalisha, yawa, mkabala na Dorca kabisa! Mwanamume mzima akakaa ameinamia viatu vyake. Chai na mandazi vilipoletwa hakugusa, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe, na yule Khaemba akazidi kumhimiza ale, ajisikie nyumbani.

Wakazungumza tangu saa tatu hadi saa saba. Mlevi aliuliza kama kuna chai nyingine. Mwanamke wa Sondu alisema popote ni sawa. Dorca alieleza habari za nyonga yake na za akina mama wa chini, na kila alichosema Khaemba alikiandika kwa herufi kubwa akakibandika ukutani, kana kwamba ukuta ndio utakaochimba. Mwishowe akasema atauliza mmoja mmoja: kisima kiwe chini? Anayepinga aseme. Anayenyamaza amekubali.

Zamu ya Dalmas ilipofika alikohoa. "Kule chini," alianza polepole, "mimi nilishawahi..."

Hapo Dorca aliinua uso akamkazia macho. Alijua vizuri anachofanya. Alijua mkwe hawezi kumpinga mama mkwe mbele za watu, na alijua kwamba angetoka nje kidogo, akasingizia haja, Dalmas angesema yote aliyokuwa nayo. Lakini moyoni alikuwa ameshamhukumu: huyu anataka kisima kiwe mlangoni kwake. Potelea mbali! Hakuondoka kitini.

Dalmas akarudisha macho kwenye viatu. "Sina neno," alisema.

"Safi sana!" Khaemba akaandika kwa kalamu ya kijani kwamba wote wamekubaliana. Watu wakapiga makofi, na Dorca akapiga kuliko wote.

Mashine ilikuja, pampu ikafungwa, mchungaji akaomba. Dorca akapewa kikombe cha kwanza. Yalikuwa maji ya chumvi. Walisema yatatulia baada ya wiki, yakapita majuma matatu. Maharagwe yaligoma kuiva, maziwa yakakatika kwenye chai, na waliofurahia kisima cha wananchi wakawa ng'ombe peke yao.

Dorca alipanda basi mpaka ofisini kwa Khaemba kumpa maneno yake. Kijana hakukasirika hata kidogo. Alifungua faili akamsomea kila jina. "Mama, mimi sikuamua lolote. Mliamua nyinyi. Na pesa ilikuwa ya kisima kimoja."

Njia nzima ya kurudi Dorca alichemka. Chifu akikosea unamtukana chifu, roho inatulia. Watu hawa wenye tabasamu walikuwa wamemnyang'anya hata mtu wa kumtukana.

Asubuhi iliyofuata, akipanda kutoka ziwani na mtungi wake, alimkuta Dalmas njiani. Dalmas akatoka njiani upesi, akasimama kwenye nyasi amegeuza uso.

"Wewe ulijua," Dorca alisema.

"Nilichimba pale mwaka wa themanini na nne, Mama, wakati wa kiangazi. Nyinyi mlikuwa bado Port Victoria mkiuza samaki. Futi thelathini, maji ya chumvi. Tukafukia. Wenzangu wawili niliochimba nao wameshakufa."

"Na kule juu?"

"Kule juu ni matamu."

"Sasa mbona hukusema, mtu mzima wewe? Si uliitwa useme?"

Dalmas alibaki amegeukia upande wa ziwa.

"Nilianza, Mama," alisema. "Ukaniangalia."

Mkwe wake aliendelea kusimama kwenye nyasi kwa heshima, akingoja apite, na Dorca, kwa nyonga ile na mtungi ule, alichukua muda mrefu sana kupita.