Chupa Zilizosuguliwa kwa Majivu

Fanueli Kalinga hakumtaka Tumpe karibu na mashine yake, isipokuwa kwa kazi moja: kuosha chupa.

"Shemeji, wewe osha. Mambo ya umeme niachie mwenyewe," alimwambia tangu mwanzo. Tumpe, mke wa kaka yake, mwenye watoto na diploma ya maabara, akameza mate akaosha. Aliosha kama alivyofundishwa na mama yake kule Soweto, Mbeya: majivu, gunzi la mahindi, kusugua mpaka kioo kilie, kisha kusuuza mara moja tu haraka, maana chungu kiko motoni na mtoto analia. Mkono wa jikoni haukuuliza mkono wa maabara.

Mashine ilikaa kwenye banda la vitunguu la familia, hapo Ruaha Mbuyuni. Ilikuwa bomba la kioo lenye shanga za kauri zilizopakwa nikeli. Upande huu iliingia naitrojeni iliyochujwa kutoka hewani, upande ule haidrojeni iliyotolewa kwenye maji. Ndani ya bomba umeme mkali ulizipasua gesi hizo mpaka zikawaka zambarau. Fanueli aliuita mwako huo plazma. Shanga ndizo kichocheo: juu yake gesi ziliungana kuwa amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea. Mwisho wa safari palikuwa na chupa ya maji. Ukichovya karatasi nyekundu ya litmasi ikageuka bluu, amonia imo.

Na kila walipopima, iligeuka bluu. Wakulima wa kikundi walipiga vigelegele. Mwenyekiti wao, mama Devota, alikuwa tayari kulirudisha lori la mbolea lililokuwa likija kutoka Iringa, na vitunguu vya watu vilikuwa vimeshafika umri wa kuwekewa mbolea ya kukuzia. Vikikosa mbolea sasa, msimu umekwenda na maji.

Asubuhi ya kikao cha kikundi cha kuamua habari ya lori, umeme ulikatika hata kabla mashine haijawashwa. Tumpe alikuwa akipanga chupa. Kwa mazoea tu ya maabara akachovya karatasi kwenye chupa aliyotoka kuijaza maji. Bluu. Akajaribu nyingine. Bluu. Akatazama kucha zake zilizojaa majivu. Majivu nayo hugeuza litmasi. Hata mwanafunzi wa sekondari anajua.

Fanueli akaingia. "Nani kakutuma kupima?"

"Mashine yako haijawashwa na imeshatoa mbolea," Tumpe akasema. "Hongera."

Alipomweleza, uso wa Fanueli ukakunjamana kama tambara. "Una wivu."

"Wivu wa nini, shemeji? Wa taa ya zambarau?"

"Nyamaza mpaka lori ligeuze. Mashine nitairekebisha polepole."

"Polepole yako na vitunguu vitakuwa njano shamba zima. Vya mama Devota, vya Aroni, na vyangu."

"Ukifungua mdomo huo, kwa Kalinga huna kwako."

"Kwangu ni pale nilipopanda."

Umeme ulirudi watu wakiwa wameshakaa. Tumpe hakungoja kupewa nafasi. Akaweka mezani chupa isiyogusa mashine, akachovya karatasi mbele ya macho yao. Ilipogeuka bluu, watu wakainuka kuitazama.

"Hii ni majivu," akasema. "Hakuna amonia humu hata tone. Msimrudishe mwenye lori."

"Mnyakyusa huyu amekuja kubomoa nyumba ya watu!" Aroni, mmoja wa wakulima, akapayuka kutoka nyuma.

"Na chupa aliosha nani?" Fanueli akamnyooshea kidole. "Si yeye huyo huyo? Ameniharibia makusudi!"

"Nimeosha mimi," Tumpe akajibu. "Ndiyo maana nasimama mimi. Sasa tuoshe vizuri, tuone."

Akachukua galoni la maji ya betri, yale yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, akasuuza chupa moja tena na tena mpaka karatasi ikabaki nyekundu. Akaifunga kwenye bomba. Fanueli akawasha mashine kwa hasira. Zambarau ikawaka, ikanguruma. Watu wakasubiri, wakapiga miayo, wengine wakatoka kuvuta sigara wakarudi. Hatimaye mama Devota mwenyewe akachovya karatasi.

Nyekundu. Akaisogeza mwangani. Kwenye ncha palikuwa na mstari wa bluu, mwembamba kama uzi.

"Mnaona!" Fanueli akapiga kelele. "Inafanya kazi! Mnaona!"

"Tunaona, baba," mama Devota akasema. "Hiyo inakuzia kitunguu kimoja, au nusu?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa na huruma. Mama Devota akatoa simu, akampigia dereva. "Njoo tu, mwanangu. Usigeuze."

Walipotawanyika hakuna aliyemuaga Tumpe. Mwenye kusema kweli hapewi mkono siku hiyo hiyo. Akainama kukusanya chupa, kama kawaida yake.

"Acha!" Fanueli akafoka. "Usiguse hata moja. Maisha yako yote usiziguse."

Tumpe akaziacha. Alipofika mlangoni akasikia maji yakimiminwa, akageuka. Fanueli alikuwa amechuchumaa na lile galoni la maji ya betri, akitikisa chupa, akimwaga, akitikisa tena.

"Unatazama nini? Umefurahi?"

"Suuza na vifuniko," Tumpe akamwambia, akachukua jembe lake akaenda shambani.